Utangulizi wa shairi la mafumbo: nieleze sitiari kiasi gani kabla ya kughani?

Mwanagenzi wa Singida

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Nimepewa nafasi ya kughani shairi kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa SACCOS yetu, chama cha akiba na mikopo, hapa Singida. Watakuwepo watu kama 200: wakulima wa alizeti na vitunguu, wafanyabiashara wadogo, walimu wastaafu. Nina dakika sita, na mara baada yangu itasomwa taarifa ya fedha. Shairi ni tarbia, beti saba, mizani nane kwa nane, lina kibwagizo, na lote limejengwa juu ya jahazi. Beti mbili za mwanzo ni hizi:

*Jahazi li baharini, tanga limejaa vyema,*
*Abiria wa shetrini, kwa furaha wanasema,*
*Hawaoni kule chini, maji yanajaa ngama,*
*Fueni maji ngamani, kabla ya chombo kuzama.*

*Kusi halina ajizi, bahari inachafuka,*
*Kalafati ni ya juzi, mbona pamba yachomoka,*
*Na fundi hatuelezi, ni wapi pametoboka,*
*Fueni maji ngamani, kabla ya chombo kuzama.*

Wasiwasi wangu ni kwamba huku bara wengi hawajapanda jahazi. Maziwa Singidani na Kindai wanayajua, lakini si pa majahazi. Nisipoeleza, shairi litawapita. Kwa hiyo nimeandika utangulizi huu:

"Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu wanachama. Shairi langu limetumia sitiari ya jahazi. Jahazi ni SACCOS yetu, abiria ni sisi wanachama, fundi ni mkaguzi wa hesabu, maji ya ngamani ni mikopo chechefu, na kusi ni hali ngumu ya uchumi. Karibuni tusikilize."

Unatosha? Umezidi? Na je, nieleze yote mwanzoni au nisimame kila ubeti nifafanue? Naombeni msaada wenu.

---

Ukingo wa Tungo

Marahaba. Beti zimesimama. Mizani imetimia kotekote, na kibwagizo kina amri ndani yake, jambo ambalo litakusaidia sana jukwaani. Cha kurekebisha ni utangulizi.

Ulichoandika ni orodha ya majibu. Mtu akishaambiwa kwamba fundi ni mkaguzi wa hesabu, ubeti wa pili unakuwa hauna kazi kwake. Hasikilizi tena shairi, anakagua kama ulinganisho wako umekaa sawa. Halafu umeibana sitiari yenyewe. Maji yanayoingia ngamani yanaweza kuwa mikopo chechefu, lakini pia yanaweza kuwa posho za vikao, wanachama wasiohudhuria, au hesabu zinazochelewa. Kila aliyekaa ukumbini ana maji yake anayoyajua, na wewe umeshamchagulia.

Ninachoshauri ni hiki: eleza kitu, usieleze fumbo. Msikilizaji wa Singida hakosi akili ya kufumbua, anakosa tu habari za jahazi. Mpe habari hizo. Mwambie ngama ni sehemu gani ya chombo, maji hufikaje pale, na kwa nini ni ya hatari. Yanamaanisha nini ukumbini, hilo mwachie yeye.

Namna ya kuandaa:

Kwanza, pitia shairi zima na upigie mstari kila neno la picha, kisha uyagawe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yale yanayojulikana na kila mtu: jahazi, bahari, abiria, kuzama. Hayo usiyaguse. Fungu la pili ni yanayoeleweka kwa muktadha hata kama mtu hajayaona: tanga "limejaa vyema", kusi ambalo "halina ajizi". Hayo nayo yaache, ubeti wenyewe unayafundisha. Fungu la tatu ni yale ambayo mtu asipoyajua picha inavunjika. Kwako naona matatu: *ngama*, *kalafati* (pamba inayozibia nafasi za mbao) na *kufua maji* (kuyachota na kuyamwaga nje ya chombo). Shetri ni neno geni pia, ila mtu asipojua kwamba ni sehemu ya nyuma ya chombo hapotezi kitu kikubwa. Lipite.

Kati ya hayo matatu, angalia sana *fueni*. Kwa mtu wa bara kufua ni nguo, au chuma kwa mhunzi. Atasikia "fueni maji" mara saba na kila mara atajiuliza maji yanafuliwaje. Hapo ndipo pangekuharibikia hata kama mengine yote yangekuwa sawa, kwa sababu neno limo ndani ya kibwagizo. Kwa hiyo ndilo la kwanza kufafanuliwa.

Pili, kwa kila neno la fungu la tatu andika sentensi mbili tu: moja ya kusema ni nini, nyingine ya kusema kinafanyaje kazi. Hiyo ya pili ndiyo wengi wanaisahau, na ndiyo inayobeba sitiari. Ukisema "ngama ni sehemu ya chini ya jahazi" umetoa maana ya kamusi. Ukiongeza "kila jahazi la mbao huvuja kidogo, na maji yake hukusanyika huko chini ya shehena, mahali asipopaona abiria", umempa msikilizaji kila anachohitaji, na hujataja fedha hata senti.

Na kama unataka kwenda mbele kidogo, kuna jambo ambalo watu wa bara hawalijui na ni zito. Maji ya ngamani hayazamishi chombo kwa uzito peke yake. Chombo kikilala upande mmoja kwa upepo, maji yote hukimbilia upande huohuo na kukilaza zaidi. Siku ya shwari hayaonekani kuwa na madhara, siku ya kusi ndiyo yanapindua. Hebu sikiliza ubeti wako wa pili ukiwa na habari hiyo kichwani.

Tatu, pima muda. Ubeti wa tarbia una mizani 64. Ukighani kwa mahadhi ya wastani utachukua kama sekunde 35, hivyo beti saba ni dakika nne na ushei. Utangulizi usizidi sekunde 60, yaani maneno 100 hivi kwa mwendo wa kusema, si wa kusoma. Zinazobaki ni za kupanda jukwaani, salamu na makofi. Ukitumia dakika mbili kueleza, utaanza kukimbiza beti za mwisho, na beti za mwisho za shairi la mawaidha ndizo zenye uzito.

Nne, usisimame kati ya beti kufafanua. Mahadhi yakikatika huwezi kuyarudisha palepale. Sauti hupanda au hushuka, na watu huanza kunong'ona. Ulilosahau kulieleza mwanzoni limekwisha kusahaulika, endelea.

Kisha lijaribu. Tafuta watu watatu wasiojua shairi, uwasomee utangulizi peke yake, uwaulize maswali mawili. "Ngama ni nini?" Wote watatu wajibu. "Shairi linamsema nani?" Asijibu hata mmoja. Wakilijibu la pili kabla hujaghani, punguza.

---

Bi Mizani, Mombasa

Nakubaliana na Ukingo kwa sehemu kubwa, ila nina mawili ya kupinga na moja la kuongeza.

La kwanza. Si kila shairi la picha linahitaji dibaji ya mdomo. Kuna mashairi ambayo sitiari yake inajitangaza yenyewe. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Lamu, katika utenzi wa Al-Inkishafi, anasema waziwazi *suu ulimwengu bahari tesi*: ulimwengu huu ni bahari iliyochafuka. Kinachofananishwa na kinachofananishiwa vyote viwili vimetajwa kwenye mshororo mmoja. Hapo mghani asipoteze pumzi kueleza kwamba bahari ni dunia, maana mtunzi keshasema. Atakachoeleza ni *matumbawe* yanayotajwa mshororo unaofuata, kwa sababu asiyejua kwamba ni miamba ya baharini inayopasua vyombo hataiona hatari yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuandika utangulizi jiulize: shairi limetaja linachokilenga, au limekificha? Lako, mwanangu, limekificha kabisa, hakuna neno "SACCOS" wala "fedha" humo. Ndiyo sababu ukilitaja wewe unakuwa umetengua kazi ya shairi.

Na katika utenzi huohuo, baada ya bahari linakuja fumbo la kisima kisicho na ukingo chenye ng'ombe mwenye kupiga pembe. Anayekaribia anapigwa na maji hayapati. Hilo mtu wa Singida haelezwi neno. Mifugo na visima anavijua kuliko mimi niliyezaliwa kwenye mchanga wa pwani. Nalitaja kwa sababu wengi hufikiri utangulizi ni sehemu ya shairi, kwamba ukishaandikwa unakwenda nao popote. Sivyo. Utangulizi unaandikiwa ukumbi. Shairi hilihili lako ukilighani Kilwa au Lamu, usieleze ngama. Huenda hapo ukalazimika kuwaambia SACCOS inaendeshwaje.

La pili ninalopinga ni hili la kwamba *kusi* liachwe. Kwa mtu wa pwani kusi halina haja ya maelezo: linavuma kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, lina nguvu zaidi katikati ya mwaka, na vyombo vidogo huwekwa pwani. Kaskazi ni Desemba hadi Machi, nao ni upepo wa safari njema. Kwa mtu wa bara, kusini ni upande tu wa dira, na "kusi halina ajizi" linaweza kumpita kabisa. Neno moja latosha, wala huhitaji sentensi nzima: "…siku za kusi, upepo mkali wa katikati ya mwaka…" Lichomeke ndani ya sentensi ya ngama, halitakula sekunde tatu.

La kuongeza: wafundishe kibwagizo. Huu ndio utangulizi bora kuliko wote, kwa sababu kile atakachokisema msikilizaji kwa mdomo wake mwenyewe hakisahau. Wewe utasema ukwapi, *Fueni maji ngamani*, nao wapokee utao, *kabla ya chombo kuzama*. Warudishe mara mbili kabla hujaanza. Mara ya kwanza watapokea wachache, ya pili wengi. Usiende ya tatu, itakuwa darasa. Fanya hivyo mwishoni mwa utangulizi, si mwanzoni, ili kiitikio kiwe ndicho kilichobaki masikioni mwao unapoanza ubeti wa kwanza.

Angalizo: ukishawapa kiitikio, mahadhi yako lazima yawe yaleyale katika kila kibwagizo, beti zote saba. Waimbaji wengi hupenda kupamba kadiri wanavyoendelea. Ukipamba kwenye ukwapi wa kibwagizo, watu 200 hawatajua waingie wapi, watapokea vipandevipande. Pamba kwenye mishororo mitatu ya juu.

---

Mwanagenzi wa Singida

Nimeshukuru sana, Mwalimu Ukingo na Bi Mizani. Hilo la *fueni* sikuwa nimeliwaza hata kidogo.

Naomba niulize jingine. Meza kuu watakaa wenyekiti, bodi na meneja. Baadhi ya wanachama wana manung'uniko juu ya uongozi, kila mtu anajua. Je, niseme mwanzoni kwamba shairi halimlengi mtu yeyote, ili nisieleweke vibaya? Pia nimewaza kubeba kitu cha kuonyesha, maana wazee wengine wanafuata zaidi Kinyaturu kuliko Kiswahili cha vitabuni.

---

Mzee wa Vina

Usiseme. "Shairi hili halimlengi mtu" ni sentensi inayofanya kila shingo igeuke kumtafuta anayelengwa. Kabla yake walikuwa wanasikiliza habari za jahazi, baada yake wanaitazama meza kuu. Ukitaka kumkinga mtu, usimtaje hata kwa kukanusha.

Fumbo lenyewe ndiyo kinga, kwako na kwao. Washairi wa pwani wamelitumia hivyo tangu zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 19, alitunga mashairi mengi ya majibizano ya siasa za mji wake na za Lamu, na mengi hayataji jambo kwa jina. Waliomsikia hawakuhitaji utangulizi kwa sababu tukio lilikuwa midomoni mwao. Sisi tunaoyasoma leo ndio tunaohitaji maelezo ya pembeni. Pima ukumbi wako kwa kipimo hicho. Manung'uniko ya SACCOS yako wanayajua tayari, umesema mwenyewe. Jahazi ndilo wasilolijua. Basi toa lile wasilolijua, na hili wanalolijua liache likae walikoliweka.

Lakini fumbo haliondoi wajibu wako. Kuna mambo manne ya kuangalia kwenye utangulizi wa shairi linalogusa uongozi.

Nafsi. Sema "sisi" na "chombo", usiseme "wao". Kibwagizo chako kinaamrisha wengi, *fueni*, na hiyo ni nzuri kwa sababu kazi ya kufua maji inawaangukia wote. Katika utangulizi useme hivyohivyo: maji hufuliwa na mabaharia kwa zamu. Ukisema "ni kazi ya nahodha" umeshapiga.

Macho. Unapotamka ngama, kalafati, fundi, tazama katikati ya ukumbi au safu za nyuma. Jicho likitua meza kuu kwa sekunde moja tu, sitiari imeshapata jina la mtu. Hili huharibu zaidi kuliko maneno, na mghani mwenyewe huwa hajijui. Mtu mmoja akae nyuma siku ya mazoezi akuangalie.

Mifano. Usitoe mfano wa fedha, wala hesabu, wala mkopo. Hata kwa nia njema. Dakika chache baadaye itasomwa taarifa ya fedha, na mfano wako utageuzwa hoja.

Ubeti wa pili. Huu ndio unaonitia wasiwasi. *Na fundi hatuelezi* ni lawama kwa mtu mmoja, na kwenye SACCOS mafundi wa hesabu hawazidi wawili watatu. Utangulizi hauwezi kulainisha mshororo wenye ncha kama huo. Ukijaribu utaunoa zaidi. Kama unasimama nyuma ya hiyo lawama, uache ulivyo na usiueleze chochote, wala fundi usimtaje kabisa katika utangulizi. Kama husimami nyuma yake, badilisha shairi. Kwa mfano, *Nasi hatuulizani, …* lakini hapo vina vya -zi vimepotea, itabidi uanze upya ubeti mzima. Bora uanze upya kuliko kuomba radhi jukwaani.

Na mwenyekiti aonyeshwe shairi mapema. Si kwa kuomba ruhusa ya kila neno, bali kwa adabu. Mwenye mkutano hashtukizwi mbele ya wageni.

---

Ukingo wa Tungo

Mzee wa Vina kasema kweli juu ya kukanusha. Na mimi nimekubali hoja ya Bi Mizani kuhusu kusi.

Kuhusu kitu cha kuonyesha: kimoja tu, kikubwa, kinachoonekana kutoka safu ya mwisho. Dumu la plastiki la lita 5 lililokatwa upande ndilo kifaa wanachotumia wavuvi wengi kufulia maji, na Singida kila nyumba ina dumu. Linyanyue unapoeleza kufua maji, onyesha kitendo cha kuchota na kumwaga mara mbili, kisha liweke chini. Usiling'ang'anie mkononi wakati wa kughani. Mkono utataka kulitikisa kwa kila mshororo, na watu watatazama dumu badala ya kukusikiliza. Kitendo hicho ndicho kitakachowafikia wazee wasiofuata maneno yote, bila tafsiri.

Pamba ya kalafati usilete. Haionekani kutoka mbali.

Kishawishi kingine cha kujiepusha nacho: kubadilisha picha ili iwe ya kienyeji. Utaambiwa, "Waambie ngama ni kama chini ya ghala, na maji ni kama mchwa." Usikubali. Ukishaingiza ghala na mchwa, msikilizaji anakaa na picha mbili, na shairi linatumia moja. Kila ukitaja bahari yeye anarudi ghalani. Tena hilo neno *kama* liogope katika utangulizi. Umetunga sitiari, yaani kitu kimesimama badala ya kingine bila kutajwa. Ukisema "jahazi ni kama chama" umeishusha kuwa tashbihi kabla haijazaliwa.

---

Kiitikio

La haraka kuhusu sauti. Utangulizi useme kwa sauti yako ya kawaida ya mazungumzo, ya chini kidogo. Usiughani, wala usiutie madaha. Tofauti kati ya sauti ya kusema na sauti ya kughani ndiyo inayowaambia watu kwamba maelezo yamekwisha na shairi limeanza. Ukianza utangulizi kwa sauti ya juu, huna pa kupandia.

Baada ya kiitikio cha pili, nyamaza hadi ukumbi utulie, hesabu nne hivi kimoyomoyo, ndipo uanze *Jahazi li baharini*. Wengi huunganisha moja kwa moja na mshororo wa kwanza unamezwa na kelele za watu waliokuwa wanaitikia.

Kipaza sauti: wakati wa kusema kishike kama upana wa kiganja kutoka mdomoni, wakati wa kughani kisogeze mara mbili ya hapo. Kikibaki karibu, sauti za juu za mahadhi zitakwaruza kwenye spika na maneno hayatasikika. Kama kipo kwenye mhimili, wewe ndiye urudi nyuma nusu hatua. Na ukihitaji mkono wa kunyanyulia dumu, omba kiwe kwenye mhimili.

---

Mwanagenzi wa Singida

Nimeandika upya. Ubeti wa pili nimeamua kuuacha ulivyo, na mwenyekiti nitampelekea shairi wiki hii. Naomba mnipitie:

"Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu wanachama, hamjambo? Shairi hili linapita baharini, kwa hiyo naomba niwapandishe jahazini kwanza. Chini kabisa ya jahazi, chini ya shehena, pana sehemu inaitwa ngama. Kila jahazi la mbao huvuja kidogo, na maji hayo hukusanyika ngamani, abiria asiyaone. Siku za kusi, upepo mkali wa katikati ya mwaka, chombo hulala upande, na maji yote hukimbilia upande huo. Kwa hiyo mabaharia huyatoa kwa zamu, usiku na mchana, hata bahari ikiwa shwari. Kazi hiyo huitwa kufua maji. (Nanyanyua dumu.) Na katikati ya ubao na ubao hupigiliwa pamba yenye mafuta kuzuia maji: hiyo ni kalafati. Basi, kama mnavyoona, hata sisi hapa tuko safarini. Nikisema 'Fueni maji ngamani', nipokeeni: 'Kabla ya chombo kuzama'."

Nimepima, ni sekunde 58 bila kiitikio.

---

Bi Mizani, Mombasa

Vizuri mno. Nina marekebisho matatu.

Ondoa "kama mnavyoona, hata sisi hapa tuko safarini". Umevumilia mwendo wote, mwishoni ukashindwa ukafungua. Sentensi hiyo peke yake inarudisha ule utangulizi wa kwanza.

Kalafati ipandishe juu, kabla ya kufua maji. Ulivyoipanga sasa, msikilizaji amekwisha kuona dumu na kuelewa kazi, halafu unamrudisha kwenye ufundi wa mbao, ndipo unamtaka aitikie. Mfuatano uwe: ngama, jinsi maji yanavyoingia, kalafati inayoyazuia, kusi linavyoyafanya hatari, kufua, dumu, kiitikio. Hapo dumu na kiitikio vinafuatana na mkono unauongoza mdomo.

Na sekunde 58 bila kiitikio ni nyingi kidogo, kwa kuwa kiitikio mara mbili na kunyamaza kutakula 20 nyingine. Ukiondoa sentensi ya safari utapata nne. Ukitoa "hata bahari ikiwa shwari" utapata mbili, ila hiyo usiitoe, ni sentensi nzuri kuliko zote ulizoandika. Punguza salamu.

---

Mzee wa Vina

Mimi naongeza moja tu juu ya hayo. Uandike, kisha uuache mezani. Shairi unaweza kulisoma kwenye karatasi na hakuna atakayekulaumu, lakini utangulizi unaosomwa unasikika kama tangazo. Shika kichwani mambo matano kwa mpangilio wa Bi Mizani, ngama, kalafati, kusi, kufua, kiitikio, na useme kwa maneno yatakayokuja. Ukisahau kalafati, acha. Ukisahau kufua, rudi uieleze kabla ya kuanza, hata kama ukumbi umekwisha kunyamaza.

---

Mwanagenzi wa Singida

Nimepokea yote. Sentensi ya safari nimeifuta, salamu nimezipunguza, kalafati nimeipandisha. Kesho nawasomea jirani watatu, nao nitawauliza yale maswali mawili ya Mwalimu Ukingo. Dumu nimeshalikata.